Shangazi, asipopokea simu najua nimeshaachwa

Shangazi shikamoo,

Nina miaka 31, nimeolewa na nina binti wa miaka mitano. Mume wangu ni mtu mtulivu. Hanipigi, hanitukani, wala sijawahi kumfumania na mwanamke. Nayasema haya mapema kwa sababu ukisoma yanayofuata utadhani naishi na mtu mbaya. Mwenye matatizo ni mimi.

Kazi yake ni ya kusafiri. Akiwa huko na asipopokea simu, dakika chache tu mwili wangu unabadilika. Kifua kinabana, mikono inatetemeka, na kichwani napata uhakika kwamba ameshaniacha. Wasiwasi ningeuweza. Huu ni uhakika, kana kwamba nimeshaambiwa. Napiga tena na tena. Naandika meseji ndefu za kumbembeleza, halafu za kumtukana, halafu namwambia aende zake nisimwone tena, na namfungia namba. Baadaye akinipata kwa namba nyingine na kunieleza kuwa alikuwa kwenye kikao, nalia na kumwomba radhi mpaka usiku wa manane. Kesho yake nampenda kuliko kitu chochote duniani. Keshokutwa, kwa neno moja tu alilolitamka vibaya, namwona adui. Mwezi uliopita aliniambia kwa upole kabisa, "Nakupenda, lakini nimechoka kupimwa kila siku."

Na si kwake tu. Rafiki mpya nampenda kama ndugu wa damu, namweleza siri zangu zote, kisha akichelewa kunijibu au akicheka na mwingine namkata moja kwa moja. Kazini nimeshagombana na watu ambao hawakunifanyia lolote. Nikiwa peke yangu najisikia mtupu, sijui hata mimi ni nani na napenda nini. Nikizidiwa nanunua vitu nisivyovihitaji. Mwaka jana, baada ya ugomvi mmoja, nilijiumiza kwa makusudi. Hakuna aliyejua. Sijarudia, lakini wazo hilo bado hunijia.

Nililelewa na mama peke yake. Alikuwa ananipiga, ila sidhani kama alinipiga kuliko wazazi wengine walivyopiga watoto wao. Kilichoniumiza ni kingine. Akikasirika alikuwa ananinyamazia. Anapika, ananiwekea chakula, hanisemeshi, hata siku tatu au nne. Nikimuuliza nimekosa nini, ananipita kama hajasikia. Akizidi kukasirika, anakusanya nguo zangu kwenye begi, analiweka mlangoni na kuniambia nikae hapo nisubiri watu wa baba yangu waje wanichukue. Nakaa. Hakuna anayekuja. Giza linaingia, kisha mama huyo huyo anakuja kuninyanyua, ananipakata huku analia, ananiambia hana mtu mwingine duniani ila mimi. Asubuhi begi halipo, na hakuna anayelizungumzia.

Kilichonifanya nikuandikie ni binti yangu. Wiki iliyopita niligombana na baba yake kwenye simu, nikabaki nimekaa sebuleni bila kusema na mtu. Mtoto akaja, akasimama mlangoni. Hakuingia. Alinitazama usoni kwanza, kwa muda, kisha akaanza kuokota midoli yake bila kuambiwa, na kila alipookota mmoja aliinua macho kunitazama tena. Shangazi, mimi najua mtoto yule alikuwa anafanya nini. Nilikuwa nafanya hivyo hivyo.

Nimeona video mtandaoni za watu wanaoeleza tatizo la haiba ya mpakani, nikajiona humo. Je, ndilo nililo nalo? Linapona? Nimeshamharibu mwanangu? Na mama, ambaye sasa umri umesogea na amekuwa mpole, anataka kuja kukaa nasi kwa miezi kadhaa. Ananiambia ya zamani nisahau. Nimjibu nini?

Mke na mama aliyechoka

*

Marahaba, mwanangu.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo haliwezi kungoja zamu yake. Umesema mwaka jana ulijiumiza kwa makusudi na kwamba wazo hilo bado linakujia. Kabla wiki hii haijaisha, mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, na mwambie daktari. Mtu anayejiumiza mara nyingi hatafuti kufa. Anatafuta maumivu ya ndani yapungue hata kwa muda mfupi. Lakini hatari ya kifo ipo, na kwa watu wenye tatizo hilo ulilolitaja ni kubwa kuliko kwa wengine. Siku wazo la kufa likikujia, usibaki peke yako na usisubiri mume apokee simu. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu au piga namba ya dharura ya nchi uliyopo. Na kile unachojua ungekitumia kujidhuru kiondoke nyumbani leo, wakati akili yako imetulia.

Sasa swali lako la kwanza. Mimi siwezi kukuambia kwamba unalo tatizo hilo, na ile video haiwezi pia. Madaktari wengi hutumia orodha ya dalili tisa, na mtu huhesabiwa kuwa nalo akiwa na tano au zaidi, zilizoanza tangu ujana na zinazojitokeza kila mahali anapoishi na watu. Humo kuna hofu kali ya kuachwa, mahusiano yanayoruka kutoka kuabudu hadi kuchukia, kutojijua wewe ni nani, kufanya mambo ya hatari kwa pupa, kujiumiza, hisia zinazogeuka ndani ya saa chache, utupu wa kudumu, hasira isiyozuilika, na wakati wa msongo mkubwa mtu huwashuku wengine au kujiona yuko nje ya mwili wake. Sitakuficha: uliyoyaeleza yanagusa kadhaa kati ya hizo. Hata hivyo yapo matatizo mengine yanayofanana nalo. Ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, ule wa baipola, nao hubadili hali ya mtu, ila kwa kawaida mabadiliko yake hukaa siku au wiki, wakati ya kwako yanakuja kwa saa na karibu kila mara yanaanzia kwa mtu fulani. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 imetambua pia msongo mgumu wa baada ya kiwewe, ambao mara nyingi hutokana na mateso ya muda mrefu, yakiwemo ya utotoni. Huo nao una hisia zisizotulia na mahusiano magumu. Kuvitenganisha ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia tiba, aliyekaa na wewe zaidi ya mara moja na kukuuliza maisha yako tangu mwanzo.

Niongeze jambo linaloniudhi. Wapo watoa huduma ambao wakisikia dalili hizi wanamwona mgonjwa kuwa msumbufu anayetafuta kutazamwa. Ukikutana na wa namna hiyo, usichukue maneno yake kuwa ndiyo hukumu. Tafuta mwingine.

Nataka nikae kidogo kwenye lile begi lililowekwa mlangoni.

Kati ya mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa Uganda akitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama akina mama na watoto wao wachanga majumbani mwao. Aliona jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa kituo chake: anatambaa kwenda kuchunguza vitu, anageuka kuhakikisha mama yupo, akiogopa anarudi. Baadaye akiwa Baltimore, Marekani, alibuni jaribio la chumba. Mtoto wa karibu mwaka mmoja anaachwa na mama yake kwa dakika chache, kisha mama anarudi. Kuna watoto wanaolia mama akitoka na wengine hawalii, lakini cha kutazama hasa ni mama anaporudi. Aliyezoea kutulizwa anamkimbilia, anabebwa, ananyamaza, anarudi kucheza. Mwingine anajifanya hajamwona. Mwingine anamng'ang'ania huku anampiga mateke, hatulii hata akiwa mikononi mwake. Hayo mateke ya mtoto aliyebebwa, mwanangu, naona unayafahamu.

Katika miaka ya 1980 mtafiti mwingine, Mary Main, pamoja na mwenzake Judith Solomon, walieleza kundi la nne la watoto waliokuwa wakiwachanganya watafiti. Hawa mama akirudi wanamwendea huku wamegeuza uso pembeni, au wanaanza kumkimbilia kisha wanaganda katikati ya chumba, au wanajitupa sakafuni. Main na mumewe Erik Hesse walieleza kinachoendelea ndani ya mtoto huyo. Mtoto akiogopa, maumbile yanamwambia akimbilie kwa mzazi. Ikiwa anayeogopesha ni mzazi mwenyewe, maumbile hayo hayo yanamvuta na kumsukuma kwa wakati mmoja. Hakuna njia inayomfaa. Hana nyumba ya pili ya kwenda.

Wewe ulikaa mlangoni ukisubiri kuchukuliwa na watu wasiokuja, na mikono iliyokuja kukunyanyua ni ile ile iliyofunga begi. Kisha ukaambiwa kwamba wewe ndiye pekee aliye naye duniani, yaani na majonzi ya mtu mzima ukabebeshwa wewe. Asubuhi hakuna aliyetamka neno, kwa hiyo hukupata hata nafasi ya kujua kama lile jambo lilitokea kweli. Mtoto anayekulia hapo anajifunza mambo matatu kwa mwili wake kabla hajaweza kuyasema: kwamba kupendwa kunaweza kukatwa saa yoyote bila sababu, kwamba usalama wake uko katika kusoma uso wa mtu mwingine, na kwamba hisia kubwa zikija hakuna atakayemsaidia kuzishusha. Mtu hazaliwi na ujuzi wa kutuliza moyo. Mtoto hutulizwa na mtu mara nyingi mno mpaka mwisho anajua kujituliza mwenyewe. Wewe ulinyamaziwa siku nne.

Nimeona umesema hukupigwa kuliko wengine. Wengi hujipima hivyo, kwa mikwaju na makovu, na wakikosa kovu la kuonyesha wanajiona hawana haki ya kulalamika. Naomba uache kujipima hivyo. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba takriban asilimia 71 ya watu wenye tatizo hili waliripoti angalau tukio moja baya la utotoni, na kwamba walikuwa na uwezekano wa karibu mara 14 zaidi wa kuripoti mateso ya utoto kuliko watu wasio na ugonjwa wa akili. Kati ya aina zote za mateso, unyanyasaji wa kihisia na kutelekezwa ndivyo vilivyojitokeza kwa nguvu zaidi. Maneno, kununiwa na begi mlangoni vinahesabika.

Hata hivyo usijenge kesi yote juu ya mama yako. Asilimia hiyo hiyo inakuambia kwamba wapo wenye tatizo hili ambao hawakuripoti mateso yoyote, na wapo watu wengi walioteswa sana utotoni ambao hawakulipata. Utafiti mkubwa wa familia na mapacha nchini Sweden ulikadiria kuwa urithi wa damu unachangia asilimia 46 hivi ya tofauti baina ya watu katika kupata tatizo hili. Wapo wanaozaliwa na moyo unaowaka haraka, na moyo wa namna hiyo ukikutana na nyumba ya namna ile ndipo mambo yanapoharibika. Msemo wa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo una ukweli wake, lakini umewakatisha tamaa watu wengi wanaodhani hawana tena cha kufanya.

Sasa uone jinsi begi linavyofanya kazi leo. Mume wako yuko kwenye kikao, simu inaita bila kujibiwa. Hujui sababu, na mwili wako unajaza pengo hilo kwa jibu pekee ulilofundishwa. Ndiyo maana unasema ni uhakika na si wasiwasi. Kisha unamwambia aende zake na unamfungia namba, na hapo kwa mara ya kwanza tangu simu iache kujibiwa unapata nafuu kidogo, kwa sababu safari hii anayeweka begi mlangoni ni wewe. Akirudi, unalia na kubembeleza. Naye, kila akirudi, anakuwa amefaulu mtihani ambao kesho utatungwa upya. Hata angejibu kila simu kwa miaka kumi, mtihani usingeisha, kwa kuwa anayeulizwa maswali hayo siye yeye. Ndicho alichokuwa anakuambia mwezi uliopita, na kwa maoni yangu alikuambia kwa heshima.

Linapona? Ndiyo, na hili nalisema bila kukufariji tu. Mary Zanarini na wenzake katika hospitali ya McLean, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa wakiwa na tatizo hili, kwa hiyo hawakuwa wenye hali nyepesi. Baada ya miaka kumi, asilimia 93 walikuwa wamepata kipindi cha angalau miaka miwili bila kufikia tena kiwango cha ugonjwa. Kilichokuwa kigumu zaidi ni kurudi kwenye maisha kamili ya kazi na mahusiano: nusu yao ndio waliofika huko. Kwa hiyo jiandae. Kujiumiza na milipuko hupungua mapema. Utupu na hofu ya kuachwa huchelewa, na ukiviona bado vipo baada ya mwaka, usidhani tiba imeshindwa.

Tiba yenyewe ni ya mazungumzo. Hakuna dawa iliyothibitishwa kutibu tatizo hili lenyewe, ingawa daktari anaweza kukupa dawa ya sonona au ya kitu kingine kilichoambatana nalo. Tiba iliyochunguzwa zaidi inajulikana kwa herufi DBT. Iliasisiwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan, na jaribio lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1991. Mwaka 2011 mama huyo alitoka hadharani akasimulia kwamba yeye mwenyewe akiwa binti wa miaka 17 alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka miwili, akijiumiza. Kwa kawaida tiba hiyo ni mwaka mmoja hivi wa kukutana na mtaalamu kila wiki, pamoja na kundi la kujifunza stadi za kuvumilia dhiki, kuongoza hisia na kuishi na watu. Ipo nyingine, MBT, inayokufundisha kusimama na kujiuliza kuna nini kichwani mwako na kichwani mwa mwenzako kabla hujahukumu. Kama ulipo hakuna hata moja, usikate tamaa. Utafiti umeonyesha kwamba hata tabibu asiyetumia majina hayo, mradi analijua tatizo hili, anakuona kwa ratiba isiyobadilika na anaweka mkazo kwenye maisha yako ya kila siku, anaweza kukufikisha mbali. Unaloweza kukwama nalo ni hili: siku moja utamwona mtaalamu huyo malaika, na siku akiahirisha miadi utataka usirudi tena. Mwambie mapema kwamba hivyo ndivyo unavyofanya. Siku hiyo ikifika, rudi umwambie umemkasirikia. Hapo ndipo tiba yenyewe inapofanyika.

Wakati unatafuta miadi, lipo la kufanya simu isipopokelewa. Weka simu chumba kingine. Jaza beseni maji ya baridi, vuta pumzi, ingiza uso kwa sekunde kama 30, rudia. Maji baridi usoni hupunguza mapigo ya moyo yenyewe, haihitaji uamini chochote. Ila kama una ugonjwa wa moyo muulize daktari kwanza. Mwili ukishuka, chukua karatasi, siyo simu, uandike mistari miwili: ninachokijua na ninachokihofia. "Hajapokea tangu saa nane" ni unachokijua. "Ameniacha" ni unachokihofia. Kila meseji unayotaka kumtumia iandike kwenye karatasi hiyo hiyo. Kesho ukiisoma, utakayotaka kuituma kweli itakuwa moja, nayo itakuwa fupi.

Kuhusu mume, mwonyeshe barua hii kama unaweza. Kubalianeni kwenye siku ya utulivu, siyo katikati ya ugomvi, kwamba akiwa safarini atapiga kwa saa fulani, na akijua atachelewa atakuandikia neno moja. Anachopaswa kukupa ni ratiba anayoweza kuitimiza. Asikuahidi kupatikana saa zote, maana ataivunja na wewe utaihesabu. Kwa upande wako, maneno ya "nenda zako" na ya talaka yaondoke kwenye silaha zako. Ukihisi kutaka kufa, sema, usinyamaze, ila asiwe yeye pekee anayeambiwa. Mtu mmoja hawezi kuwa mume, daktari na ukuta wa kukuzuia usidondoke. Na ulipomtukana mwombe radhi mara moja, kwa kifupi, bila kumfanya akae hadi usiku wa manane akikutuliza kwa kosa ulilomfanyia yeye.

Binti yako. Hujamharibu. Ulichokiona pale mlangoni ni mtoto anayeanza kujifunza kazi ambayo si yake, na umekiona akiwa na miaka mitano. Mtafiti Edward Tronick, aliyechunguza kwa karibu sana nyuso za akina mama na watoto wachanga wakicheza, aliona kwamba hata wale wanaoelewana vizuri huwa wameafikiana karibu theluthi moja tu ya muda. Muda mwingine wanapishana, kisha wanarudiana. Mtoto hujengwa na kule kurudiana. Mama yako hakurudi kamwe kulitaja begi. Wewe unaweza kurudi jioni hii hii. Chuchumaa macho yenu yalingane, umwambie: "Ile siku nilikuwa nimekasirika na nikanyamaza. Hukunikosea kitu. Hasira ya mama ni kazi ya mama, wewe kazi yako ni kucheza." Halafu usimwombe akukumbatie, na usilie mikononi mwake. Akitaka kukumbatia, atakuja. Siku nyingine ukihitaji kunyamaza, mwambie kabla: "Mama anahitaji kupumzika kidogo, sijakukasirikia, nitakuja tusome kitabu," kisha uende kweli. Usipoweza siku moja, rekebisha kesho yake.

Na ujue hili, kwa sababu naona linakutisha kuliko mengine yote. Mary Main huyo huyo na wenzake walitengeneza mahojiano ya kuwauliza wazazi habari za utoto wao. Iliyotabiri zaidi jinsi mtoto wao atakavyoshikamana nao ilikuwa namna mzazi anavyousimulia utoto wake, kuliko jinsi utoto wenyewe ulivyokuwa mbaya. Wapo waliopitia magumu na wakaweza kuyaeleza kwa mpangilio, bila kuyapamba wala kumezwa nayo, na watoto wao walikuwa salama kwao. Umeniandikia habari ya begi kuanzia lilipofungwa hadi lilipotoweka, na hukumtukana mama yako wala kumtetea. Kazi hiyo umeshaianza.

Imebaki habari ya mama kuja kukaa. Mwaka huu jibu ni hapana. Utakuwa unaanza tiba, utakuwa unafukua mambo yake huku yeye yuko chumba cha pili, na siku atakayonuna, hata kwa sababu ndogo, utajikuta una miaka sita. Mwambie, "Mama, kwa sasa siwezi kukupokea ukae nasi. Nitakupigia kila Jumapili." Usitoe maelezo marefu, yatageuka kesi. Akinyamaza asipokee simu ya Jumapili hiyo, utaumia sana, pengine kuliko unavyotarajia. Panga mapema nani atakuwa na wewe siku hiyo. Piga tena Jumapili inayofuata kama ulivyoahidi, mara moja tu. Akitaka kuja kusalimia, aje kwa saa chache, nawe uwepo. Na kama siku moja utataka kumuuliza juu ya lile begi, muulize baada ya kulizungumza kwanza na mtaalamu wako, ukiwa umejiandaa kwamba huenda akasema halikuwahi kuwepo. Jibu lake lisije likakufanya utilie shaka ulichokiona kwa macho yako. Kumsamehe ni jambo lako na la wakati wako. Asikuharakishe yeye, wala jamaa, wala mimi.

Ukishamwona daktari, niandikie uniambie alisemaje.

Shangazi